Kiwanda cha maembe cha Kalamba: Makueni ilipochoka kungoja mwekezaji

Kila uchaguzi ukikaribia mtu wa Makueni, hii kaunti ya Ukambani kati ya Nairobi na Mombasa, anaahidiwa kiwanda. Imekuwa hivyo tangu enzi za wilaya, kabla hata ya ugatuzi, na ukiuliza kiwanda cha nini hasa hupati jibu, unaambiwa tu kuna mwekezaji ameshaonyeshwa ardhi na vijana wakae tayari. Sasa mimi nataka tukae na kisa kimoja tu, cha kiwanda ambacho kilijengwa kweli, kiko Kalamba na kinasaga maembe, kwa sababu naona kinajadiliwa vibaya na pande zote mbili. Kuna wanaosema kimefeli manake vijana hawajaajiriwa kwa wingi, na kuna wanaosema ni muujiza wa ugatuzi. Ukikipima kwa hesabu ya mkulima unaona kitu kingine kabisa na ndo nataka tukiangalie, ni ndefu kidogo lakini vumilieni.

Kwanza hali yenyewe. Makueni ilimegwa kutoka Machakos mwaka 1992 ikawa wilaya, alafu 2013 ikawa moja ya kaunti 47 za Kenya, makao makuu yakiwa Wote. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 987,653 kwenye eneo la kama kilomita za mraba 8,000. Huko juu Mbooni na Kilungu kuna baridi, kuna milima, kuna maji kidogo, lakini ukishuka Kathonzweni, Makindu, Kibwezi hadi Mtito Andei ni joto na mvua ya kubahatisha, na mvua ambayo watu wanaitegemea kupanda ni ile ya Oktoba mpaka Disemba, hii nyingine ya Machi ukiiamini sana utalia. Kazi za mshahara ni zile zile, ualimu, hospitali, kaunti, shamba la mkonge la Dwa pale Kibwezi, na biashara za kando ya barabara ya Mombasa. Zamani kulikuwa na pamba. Wazee wanaikumbuka vizuri, mtu alisomesha watoto kwa pamba, alafu miaka ya tisini soko likafunguliwa kiholela, malipo yakachelewa, mitumba ikajaa, watu wakang'oa pamba na vinu vya kuchambulia vikanyamaza. Tangu hapo kijana akimaliza form four anapanda basi, anaenda Nairobi kwa mjengo au anaishia Athi River kwa viwanda vya nguo na simiti.

Na hapo Athi River pana somo lake. Iko Machakos, karibu kabisa na Nairobi, sheria ya EPZ, yaani maeneo maalum ya viwanda vya kuuza nje, ilipotoka 1990 wao walikuwa na reli, barabara, stima ya viwanda na soko mlangoni. Mwenye pesa yake atoke huko aende kuweka kiwanda Kathonzweni, anafuata nini? Si kwamba watu wa Makueni ni wavivu ama hawajasoma, Ukambani watu wamesoma, ni kwamba kila kitu anachohitaji mwenye kiwanda cha kawaida kinapatikana kilomita chache kutoka Nairobi, na kadri unavyosonga ndani gharama inapanda. Unaweza kumpa ardhi ya bure na usimalize tatizo lake hata robo. Hili jambo viongozi wa kaunti za mashambani wanapenda kuliruka, wanadhani shida ni kwamba hawajafanya makongamano ya wawekezaji ya kutosha.

Makueni imeahidiwa vitu vitatu vikubwa kutoka nje, vyote vitatu vya kweli, na vyote havijaleta kile watu walichongoja.

Cha kwanza ni Konza, ule mji wa teknolojia wa serikali kuu. Mradi ulipitishwa 2008, ekari 5,000 kando ya barabara ya Mombasa, kama kilomita 60 hivi kutoka Nairobi, Rais Kibaki akauzindua Januari 2013. Iko upande wa Makueni japo Machakos na Kajiado nao wana maneno yao kuhusu mpaka. Barabara za ndani zimejengwa, kituo cha data kipo, majengo yanaendelea. Lakini mtoto wa Nguu akisikia mji wa teknolojia uko kwenye kaunti yake anasikia tu kama anavyosikia habari za Nairobi, kwa sababu ajira za pale zinahitaji vyeti ambavyo hana na maamuzi ya pale yanafanywa na serikali kuu.

Cha pili ni reli ya SGR, ile reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi. Treni ya abiria ilianza mwisho wa Mei 2017, na stesheni za Emali, Kibwezi na Mtito Andei zote ziko kwetu, tatu nzima. Watu walifurahi. Alafu 2019 serikali ikatoa amri makontena yasafiri kwa reli, na wenye hoteli, gereji na vyumba vya kulala pale Mtito Andei ndo walioumia, manake ule mji uko nusu ya njia kati ya Nairobi na Mombasa na umelelewa na madereva wa malori na mabasi. Dereva anayelala, anayekula nyama, anayenunua maji na kubadilisha tairi, huyo ndo alikuwa kiwanda cha Mtito. Treni ya mizigo inapita tu. Mwaka 2022 serikali mpya ikairuhusu mizigo irudi barabarani, lakini angalia, kote kuwili uamuzi ulifanywa Nairobi na kwa ajili ya mambo ya bandari, hakuna aliyekuwa anamfikiria mama wa chapati wa Mtito Andei.

Cha tatu ni bwawa la Thwake, pale Mto Thwake unapoingia Athi, mpakani na Kitui. Ujenzi ulianza 2018 kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, bwawa la kubeba maji mita za ujazo milioni 688, na stima megawati 20 juu yake. Likikamilika lote na mifereji ya umwagiliaji, mambo yatabadilika sana, mimi naamini hivyo. Lakini limechelewa na kuchelewa. Na maji yatakayojaa humo yanatoka Athi, mto unaobeba uchafu wa Nairobi yote na viwanda vyake, kwa hiyo sisi ambao hatukupata viwanda tunapokea majitaka ya viwanda, na hilo linaniuma kuliko yote kwa sababu wakulima wa Kibwezi wanamwagilia mboga na maji hayo hayo.

Kwa hiyo ugatuzi ulipofika, swali lilikuwa: kaunti yenyewe, kwa mamlaka yake na bajeti yake, inaweza kufanya nini bila kungoja mtu?

Gavana wa kwanza alikuwa Profesa Kivutha Kibwana, mwalimu wa sheria na waziri wa zamani. Watu wamesahau ile miaka ya mwanzo ilivyokuwa chungu. Yeye na bunge la kaunti walikosana vibaya juu ya bajeti, Septemba 2014 risasi zikafyatuliwa pale Wote watu wakajeruhiwa, wananchi wakatia saini kutaka kaunti yote ivunjwe, tume ikaundwa ikapendekeza kweli ivunjwe, na ni Rais Uhuru Kenyatta aliyekataa 2015. Kaunti ilikuwa imebaki kidogo tu ifutwe. Nalitaja hili kwa sababu kiwanda kilichozinduliwa 2017 kilipangwa katikati ya hiyo vurugu, na pengine vurugu yenyewe ndo ilisukuma ofisi ya gavana kwenda vijijini kuuliza watu mnataka nini. Ule utaratibu wa mabaraza kuanzia kijiji, kwenda kundi la vijiji, wadi, kaunti ndogo mpaka juu, ambao siku hizi kaunti zingine zinakuja kujifunza, ulikomaa hapo. Na watu wakisema jambo linalowaumiza, kwenye sehemu kubwa ya kaunti jibu lilikuwa maembe.

Acha nieleze shida ya maembe kama ilivyo shambani, manake asiyeijua hataelewa kiwanda kilikuja kufanya nini.

Makueni ni moja ya kaunti zinazoongoza Kenya kwa maembe. Mwembe unavumilia ukame, ukishashika mizizi hauhitaji mwenyewe kila siku, na watu walibebesha miche, yaani kuunganisha kikonyo cha aina bora kwenye mche wa kienyeji, aina za Apple, Kent, Tommy na ile Ngowe ya pwani, wakapanda kwa wingi. Sasa embe linaiva kuanzia Disemba hadi Machi hivi, na linaiva kwa wote pamoja. Hakuna barabara ya lami mpaka shambani, hakuna chumba baridi, na embe likishaiva una siku chache tu. Broka anakuja na lori, hapimi kwa kilo, anahesabu kwa kipande, na anachuma mwenyewe na vijana wake. Anachagua makubwa, yaliyosawazika, yenye rangi. Dogo analiacha, lenye alama analiacha, na likianguka wakati wa kuchuma ni hasara ya mkulima. Bei anaitaja yeye, shilingi tatu, nne, tano kwa embe, na ukikataa anakuambia sawa, jirani yako ameshakubali, na ni kweli jirani ameshakubali kwa sababu mtoto anarudi shule Januari. Lile embe likifika sokoni Marikiti Nairobi ama Kongowea Mombasa unalinunua bei ambayo mkulima akiisikia anaona ameibiwa. Lakini hata broka ukimfuatilia ana lori la kukodi, ana askari wa barabarani, ana maembe yanayoozea njiani, si kwamba anaogelea kwenye pesa kila msimu. Kinachomuumiza mkulima ni kwamba anakutana na mnunuzi mmoja, siku moja, na kitu kinachooza.

Juu ya hapo kukaja inzi wa matunda. Yule inzi wa kutoka Asia alionekana Kenya mara ya kwanza 2003, anatoboa ganda anataga mayai ndani, kwa nje embe linaonekana zima kabisa ukilipasua ni mabuu. Soko la Ulaya likawa linarudisha mizigo, mpaka 2014 Kenya yenyewe ikasimamisha kupeleka maembe Ulaya kabla haijafungiwa. Kwa hiyo mkulima akabaki na soko la ndani, na soko la ndani lilikuwa limejaa maembe ya kila mtu. Kuna misimu ukipita mashamba ya Kathonzweni harufu ya embe lililooza inakufuata barabara nzima, mbuzi wenyewe wameshiba wameacha.

Na wakati huo huo kampuni za kutengeneza juisi zilikuwa zinaagiza rojo la embe kutoka nje ya nchi. Hii ilikuwa inajulikana, 2010 kulikuwa na mradi mkubwa wa Coca-Cola, shirika la TechnoServe na wakfu wa Gates wa kuwaunganisha wakulima wadogo 50,000 wa Kenya na Uganda wa maembe na matunda ya pasheni na viwanda vya juisi. Embe lipo, mnywaji wa juisi yupo, kinachokosekana ni mtambo wa katikati.

Basi kaunti ikajenga mtambo wa katikati. Pesa za kaunti zikachangiwa na Umoja wa Ulaya kupitia mpango wao wa kusaidia ugatuzi, kiwanda kikawekwa Kalamba, wadi ya Nzaui/Kilili/Kalamba. Na uamuzi mzuri kuliko yote, kwa maoni yangu, ni kwamba hawakuanza na juisi ya chupa. Ukianza na chupa unapigana na makampuni makubwa dukani, unahitaji matangazo, magari ya kusambaza, chupa, lebo, na mwenye supamaketi anakulipa baada ya miezi. Rojo unauza kwa wachache wanaolijua na wanaolihitaji kwa tani.

Ndani kazi inakwenda hivi. Embe linapimwa kwa kilo getini, hilo peke yake ni mapinduzi kwa mtu aliyezoea kuhesabiwa vipande. Linaachwa liive vizuri maana likiwa bichi sukari haijapanda na rojo linakuwa chachu. Linaoshwa kwenye hodhi, linapanda kwenye mkanda ambapo kina mama na vijana wamesimama pande zote wanatoa yaliyooza kwa mkono, alafu mashine inatenganisha kokwa na ganda na nyama yake. Nyama inachujwa nyuzi, inapashwa moto wa kuua vijidudu, inapozwa, na inajazwa kwenye mfuko mkubwa wa foili ndani ya dramu la karibu lita 200 bila kuguswa na hewa. Dramu hilo linakaa miezi mingi bila friji na bila dawa ya kuhifadhi. Yaani embe ambalo lilikuwa na siku nne za kuishi sasa linaweza kungoja bei. Kutoka kwa kila kilo mia ya maembe unapata kama nusu hivi ya rojo, inayobaki ni kokwa na maganda, na kokwa na maganda ni lundo kubwa ambalo ni lazima upange utalipeleka wapi.

Sasa ajira. Mtambo wa aina hii unahitaji watu makumi, sio maelfu, na wengi wao ni wa msimu. Mtu anayesimama nje ya geti la Kalamba akihesabu wanaoingia asubuhi atasema kiwanda hiki hakijafanya chochote, na hapo ndipo nakataa. Tuchukue hesabu ya mfano. Mkulima ana miembe 50 na kila mti unampa maembe 200, hayo ni 10,000. Kwa shilingi nne anapata 40,000. Bei ikipanda hadi nane anapata 80,000 bila kupanda mti mwingine hata mmoja. Hiyo tofauti ya 40,000 ni karo ya mtoto wa sekondari ya bweni, ni tangi la maji, ni ng'ombe. Na hakuhitaji kuuza kiwandani ili aipate! Inatosha kwamba kiwanda kipo, kimetangaza bei ya kilo, na broka anajua kwamba mkulima akikataa ana mahali pa kupeleka. Pia yale maembe madogo na yenye alama, ambayo broka alikuwa anayaacha chini, kiwanda kinayataka, maana kwenye rojo hakuna anayeangalia sura.

Alafu kuna wale wa katikati ambao hawaandikwi kwenye daftari la kiwanda. Vijana wa kuchuma kwa ndoano yenye mfuko ili embe lisianguke. Wa boda wanaobeba kreti mpaka kituo cha kukusanyia. Wenye kanta. Wanaobebesha miche na kuuza, biashara ambayo ilikua sana. Vikundi vya kupulizia dawa na kuning'iniza mitego ya inzi. Mama anayepika chakula cha wachumaji. Kwa mtindo wa mwethya, ile kazi ya Wakamba ya kusaidiana kwa zamu, watu wanaingia shamba la huyu leo kesho la yule, na sasa kuna pesa ndani yake. Kiwanda cha nguo cha Athi River kinaajiri watu wengi ndani ya kuta, lakini kitambaa chake kinatoka nje na soko lake ni Marekani, siku soko likitingishika mashine zinafungwa na kijijini hakubaki kitu. Miembe haihami.

Haya, hiyo ndo sehemu nzuri. Sehemu ngumu ni ndefu zaidi na naona watetezi wa kiwanda wanaipita haraka.

Msimu ni miezi minne. Mashine ya mamilioni inafanya kazi miezi minne na kukaa minane, na kijana uliyemfundisha kuendesha boila Januari, ifikapo Juni ameshaenda Nairobi, mwaka ujao unaanza upya. Dawa yake inajulikana, unaleta matunda mengine kwenye mtambo ule ule, na Kenya ina bahati kwamba embe la pwani linakuja kwa miezi mingine kidogo, na Makueni yenyewe ina machungwa, kuna mapapai, pasheni, nyanya za umwagiliaji. Lakini chungwa halikamuliwi na mashine ya embe, unahitaji vifaa vingine. Na kuleta embe la Tana River hadi Kalamba kuna gharama ya lori, na kuna siasa pia, mwananchi atauliza mbona pesa yetu inanunua maembe ya watu wengine.

Ya pili ni pesa taslimu. Mkulima anataka kulipwa leo, broka anamlipa leo, mkononi, chini ya mwembe. Kiwanda kinanunua maembe yote ndani ya miezi mitatu au minne na kinauza rojo polepole mwaka mzima, kwa hiyo kinahitaji mfuko mkubwa sana wa fedha kila Disemba, na mwenye kiwanda ni kaunti, na fedha za kaunti zinatoka hazina kuu kwa kuchelewa, kwa bajeti, kwa kibali, kwa mfumo wa kompyuta unaodai saini nne. Embe haliwezi kungoja saini nne. Nadhani hapa ndipo viwanda vyote vya serikali za kaunti vinakwama, sio kwenye mashine. Makueni ilitunga sheria ya kuunda mamlaka ya matunda ili kiwanda kiendeshwe kwa mkono wa biashara kidogo na hilo lilikuwa sahihi, ila mamlaka bila akaunti yenye pesa wakati wa msimu haimsaidii mkulima. Na mkulima akicheleweshewa malipo msimu mmoja, msimu unaofuata anarudi kwa broka hata kama bei yake ni ya chini, na huwezi kumlaumu, pamba ilimfunza.

Ya tatu, wanunuzi wa rojo ni wachache. Ulitoka kwa mkulima kumtegemea broka mmoja, usije ukafika kwa kiwanda kutegemea kampuni mbili tatu za Nairobi ambazo bado zinaweza kuagiza rojo la India zikiona la kwako ni ghali. Stima ikiwa ghali na ikikatika katikati ya kuchemsha, rojo la kwako linakuwa ghali. Mifuko ya foili inaagizwa nje kwa dola. Ndo maana baadaye kaunti ilifikiria kujaza juisi yake ya kunywa, na mimi bado naona ni hatua ya hatari kama haina mteja wa uhakika. Ingawa shule, hospitali na ofisi za kaunti yenyewe zingeweza kuwa mteja huyo wa kwanza.

Ya nne ni siasa za kurithishana. Gavana ana mihula miwili basi. Kibwana aliondoka 2022 akaingia Mutula Kilonzo Jnr, na kila gavana Kenya anataka kitu chenye jina lake. Jirani zetu Kitui nao walianzisha kiwanda cha kushona nguo, KICOTEC, 2018 chini ya Gavana Ngilu, na 2020 wakati wa korona kilishona barakoa za nchi nzima, watu wakajivunia. Lakini cherehani zinaishi kwa oda, na oda za serikali zinafuata aliye ofisini. Serikali kuu iliyoingia 2022 nayo ilikuja na mpango wa maeneo ya viwanda kila kaunti, shilingi milioni 500 kila moja, nusu ya kaunti nusu ya serikali kuu. Mabanda yatajengwa. Swali ambalo Makueni ingekuwa na haki ya kuwauliza wengine ni nani ameshahesabu tani zitakazoingia ndani ya hilo banda, na pesa ya kuzinunua iko wapi.

Kuna jambo moja ambalo naliona ni kubwa kuliko kiwanda na halipigiwi kelele. Ni vita vya inzi. Kwa miaka, maafisa wa kilimo, watafiti wa icipe, kile kituo cha utafiti wa wadudu cha Nairobi, na vikundi vya wakulima waling'ang'ana na mitego, chambo, kuzika maembe yaliyoanguka, shamba kwa shamba, maana jirani mmoja akiacha embe lioze chini ya mti anawaharibia wote. 2021 maembe ya Kenya yakarudi Ulaya, na Makueni ikawa kwenye eneo lililotangazwa kuwa na inzi wachache. Hii kazi haina jengo la kuzindua wala utepe wa kukata. Lakini ilifungua mnunuzi wa tatu. Sasa embe zuri linaweza kwenda nje, la wastani Marikiti, dogo na lenye alama Kalamba. Hayo matatu yakifanya kazi pamoja ndo mkulima anapumua, na ukiondoa moja, lolote lile, mengine mawili yanalegea.

Kwa hiyo mtu akiniuliza Makueni ifanye nini kuhusu ajira, siwezi kumwambia ikatafute kiwanda cha magari. Makindu kuna kiwanda cha nafaka cha ndengu (choroko), Kikima kule Mbooni kuna maziwa, ni wazo lile lile la kuongeza thamani kwa kitu ambacho watu tayari wanacho mkononi, na ndengu haiozi kama embe, inakupa nafasi. Ningetaka hivi viwanda viwe na sehemu ya umiliki ya wakulima wenyewe kupitia vyama vya ushirika, ili gavana mpya asiweze kuvifunga au kuvijaza watu wake. Ningetaka mfuko wa kununulia utengwe kabla ya msimu na usiguswe na kitu kingine, hata kama ni mkopo wa benki kwa dhamana ya madramu yaliyoko stoo. Na vijana wafundishwe ufundi wa boila, umeme na usafi wa chakula kwenye vyuo vya ufundi vya kaunti, na mkataba wao uvuke msimu wa embe uingie wa ndengu kule Makindu, ili mtu apate angalau miezi minane ya kazi bila kupanda basi.

Na kila mwaka kaunti itoe namba tatu kwa wote kuona: tani zilizonunuliwa, bei ya kilo, na siku ngapi mkulima alingoja kulipwa. Hizo zibandikwe kwenye kila ofisi ya wadi na zisomwe kwenye mabaraza, maana mabaraza tayari yapo. Bei ya kilo ndo ya kwanza kabisa, itangazwe Novemba, kabla lori la kwanza la broka halijaingia Kathonzweni.